Soli ya Kushoto

Mahakama ilizirudisha zikiwa na kitambulisho cha karatasi:
kielelezo nambari tatu.
Raba za Ambani, namba saba, nyeupe zamani.
Mama yake hakulia. Alisema, "Zishone tu, fundi.
Mdogo wake amezifikia."
Ya kushoto ilikuwa imefunua mdomo
na ndani damu ilikauka ikawa kama gundi.

Muthurwa nzima ilimjua aliyempiga risasi.
Jina lake tulilitaja kwa kidevu, si kwa kinywa.
Milimani kesi ilisikizwa mara nne;
mara ya nne faili halikuonekana,
na shahidi akakumbuka ghafla
kuwa siku ile alikuwa kwao Mumias akichimba mtaro.

Nikashona. Uzi wa nailoni, nta,
sindano kubwa, ile inayoniheshimu.
Kila tundu nililitamka jina lile,
si kwa uchawi, kwa hasira tu,
kama mtu anayehesabu deni asilotarajia kulipwa.
Nikafunga kibanda kwa kufuli mbili.

Asubuhi kufuli zipo. Raba zipo.
Ila zimelowa, na soli ya kushoto
imebeba udongo mwekundu wa kule juu, Runda,
udongo ambao huku kwetu hauji hata kwa upepo.
Redio ya mwuza chai ikasema:
mtu amekutwa langoni kwake, macho wazi,
hana jeraha,
kifuani alama ya kiatu, moja,
kana kwamba aliyemkanyaga hakuwa na haraka.

Nilicheka. Nalisema kwa kuwa ni kweli.
Nilicheka, nikanunua mandazi matatu.

Kisha wakaanza kuja giza likiingia:
sandali za mwuza maji wa Korogocho,
buti la bawabu aliyepigwa nondo Eneo la Viwanda,
kiatu cha shule, kimoja, kidogo.
(Cha pili sikuuliza.)
Waliniachia jina sikioni, wakaondoka.
Nikawa hakimu wa stuli ya miguu mitatu:
wakili hakuna, rufaa hakuna,
hukumu mia mbili hamsini pamoja na rangi.

Inspekta Lokwang alikuja na alama iliyomiminwa kwa jasi.
Akavua kiatu chake, kisigino kimelika,
akasubiri nikishone, akalinganisha mshono na mshono.
Hakunikamata. Alilipa, akakataa chenji.
Mlangoni akageuka:
"Kisilu, chunga nyayo. Neno hilo
mji huu uliwahi kulijengea ghorofa,
na vyumba vya chini."

Jana akaja msichana, sare ya sekondari,
na buti nyeusi za baba yake, namba kumi,
zimeng'arishwa vibaya na mkono usiozoea.
"Alikutwa langoni," akasema. "Wanasema
ukishona wewe, haki hutembea."
Jina hakuniachia. Hakulijua.
Nililijua mimi.

Sasa ni saa nane usiku. Mto unanuka.
Buti naziweka zikiutazama ukuta;
nikigeuka kuchukua uzi, zinaitazama stuli yangu.
Ningeweza kuzitupa majini.
Ningeweza kusema fundi amezeeka,
macho hayaoni tundu.
Lakini mtoto yule atarudi kesho saa kumi,
akitoka shule, na mia mbili hamsini za sarafu,
na mdogo wake Ambani yuko Kaloleni kila jioni
akipiga mpira kwa raba nyeupe,
wala hakuna aliyemwambia ile ya kushoto imekanyaga nini.

Kiatu hakiulizi ni nani alianza.
Kiatu kinajua njia.

Nimeupaka uzi nta. Nimevua malapa yangu
nikayapanga mlangoni, yakitazama nje,
kwa yeyote atakayetaka kuyashonesha.
Nayaomba yasipate fundi.

Tundu la kwanza:
Kisilu.